Hundi ya Kadibodi

Picha ilipigwa Jumanne, na kufikia Ijumaa jioni mkono wa Keith Pickup ulikuwa umevunjika mahali patatu. Lakini Jumanne yenyewe haikuwa na dalili ya shari. Mvua ya Padiham, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, ilikuwa ikinyesha kama desturi yake, nyembamba na isiyokoma, na mkewe Denise alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya bucha lao akielekezwa pa kusimama ndani ya duka lake mwenyewe.

"Hizi figo," alisema msichana wa kampuni ya Calderbrook, aliyejitambulisha kwa jina la Philippa, "tunaweza kuzisogeza? Na hizo soseji za damu. Picha inakwenda kwenye tovuti yetu, na watu wengine hawapendi kuona... unajua."

"Hili ni bucha, mpenzi," Keith alimwambia. "Ungetaka maua ungeingia duka la pili."

Philippa akacheka kwa adabu, na figo zikaondolewa. Keith akaombwa avue aproni yenye damu avae safi. Kisha mpiga picha akaingia kinyumenyume akiburuta kadibodi ndefu kama meza ya kulia chakula, imechorwa mfano wa hundi ya benki, na juu yake tarakimu nyekundu zinazosomeka toka ng'ambo ya barabara: pauni 9,000.

"Lazima tarakimu ionekane?" Denise aliuliza.

"Ndiyo inayovutia watu."

Calderbrook walikuwa na ghala kubwa kuliko viwanja vitatu vya mpira, pembeni mwa mji. Kampuni za ukubwa ule hukatwa na serikali kiasi fulani kila mwezi, pesa ya kufundishia watu kazi, na isipotumika ndani ya miaka miwili serikali inaichukua jumla. Calderbrook walikuwa nayo nyingi kuliko wanagenzi wao, na sheria iliwaruhusu kuwagawia wafanyabiashara wadogo wa jirani. Ndivyo bucha lile lilivyoangukiwa na bahati. Stacey, binti wa Denise na Keith, mwenye miaka ishirini na minne, angejifunza kazi miezi kumi na minane, siku nne dukani chini ya baba yake na siku moja chuoni, karo ikilipwa na Calderbrook. Ingetoka hesabu ya kampuni ikaingia hesabu ya chuo, basi. Mshahara wa Stacey ulikuwa juu ya Denise, na hata viatu vyake vya kazi Denise alivinunua kwa pesa ya mboga.

Picha ikapigwa, Denise na Stacey wameshika kadibodi huku na huku, wanatabasamu. Ilipokwisha, ikaonekana kadibodi imelowa na haiingii tena kwenye gari la mpiga picha.

"Mtabaki nayo kama ukumbusho," Philippa alisema.

*

Jumatano mji mzima ulikuwa umekwisha kuiona.

"Matajiri hao," alisema mzee Ormerod, mteja wa kila siku. "Sasa nyama ya kusaga itashuka bei?"

"Itapanda," Keith alimjibu. "Tumeshaonja anasa."

Mzee akacheka, na aliyemfuata akacheka. Wa tatu, mwenye duka la samaki na chipsi, hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya chini ni nani aliwapa njia, maana yeye paa lake linavuja na hakuna aliyewahi kumletea hundi. Denise akamweleza. Akamweleza mara mbili. Yule mtu akatikisa kichwa kama anayekubali, akatoka bila kununua kitu.

Mchana Brenda, mama yake Denise, akapiga simu. "Craig wetu ameiona kwenye simu ya mkewe Janine," Brenda alisema. "Anauliza kwa nini habari za dada yake anazipata mitaani."

"Mama, hakuna pesa."

"Nimeiona picha, Denise. Umeishika kwa mikono miwili."

*

Craig Holden alikuja Alhamisi saa nne asubuhi, wateja watatu wamepanga mstari. Hakupanga. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mabega ya mtu aliyebeba nusu ng'ombe tangu utotoni, ingawa miaka hii alikuwa akimwaga lami barabarani, siku kazi ilipokuwepo. Aliegemea kioo cha kaunta, vidole vikaacha alama.

"Nusu ya elfu tisa ni elfu nne na mia tano," alimwambia dada yake. "Nimepiga hesabu mwenyewe, nisikusumbue."

"Craig, hatujapewa hata senti. Inakwenda chuoni moja kwa moja."

"Ubao hapo nje unasemaje?"

Craig akaelekeza kidole gumba mlangoni.

"Unasema Holden na Mwana. Mwana ni mimi. Wewe ulikuwa muosha masinia."

"Shemeji," Keith alisema akitokea nyuma, anafuta mikono, "kuna wateja. Njoo tukifunga, tukuwekee na chai, tukuonyeshe barua zenyewe."

"Sikuongea na wewe." Hakumgeukia hata kidogo. "Chuoni kufanya nini?"

"Kumfundisha Stacey kazi," Denise alisema.

"Kumfundisha." Craig akalitafuna neno hilo. "Mimi nilifundishwa wapi? Pale nyuma. Baba alinifundisha kwa mkanda, na siku akiwa amekunywa, kwa ubapa wa kisu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nani alinilipia mimi elfu tisa, Denise? Sema. Ulikuwepo."

Alikuwepo kweli. Alikuwa akishika ndoo. Na kwa kuwa ilikuwa kweli alikosa jibu, na kimya chake Craig akakisikia kama dharau. Alinyanyua mizani kutoka juu ya kaunta, waya ukang'oka ukutani, akaitupa. Kioo cha mbele kilipasuka kizima na kumwagikia maini, nyama ya kusaga, pai za asubuhi. Mwanamke aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari alifunika uso, kisha, alipoona hajaumia, akachukua kifurushi chake cha nyama ya nguruwe ambacho hakuwa amelipia, akatoka.

"Kesho, saa kumi na moja," Craig alisema.

Nyama ya siku nzima ilitupwa, maana nani atauza maini yenye vigae. Keith alishika simu awaite polisi. Denise akaiwekea mkono juu.

"Ni ndugu yangu."

"Na hili ni duka letu."

"Atalala, ataamka, hasira itakuwa imeshuka. Mimi namjua."

Keith alimtazama mkewe, akairudisha simu mfukoni. Neno lile, mimi namjua, Denise alikuja kulijutia kuliko yote aliyoyatamka maishani mwake.

*

Ijumaa walifunga mapema. Stacey alikuwa akisugua gogo la kukatia kwa chumvi, Keith akiingiza mabaki katika chumba cha baridi. Mlango wa mbele ulikuwa umekomewa. Craig akaingia wa nyuma, wa uani, unaopitishiwa mizigo, ambao alikuwa akiujua kabla Keith hajafika mji ule. Kupitia mlango uliobaki wazi Denise aliona gari la kaka yake uani, injini inanguruma, na Janine, mke wa Craig, ameketi nyuma ya usukani, macho mbele kama yuko kwenye msafara wa mazishi.

Craig alikuwa ananuka bia lakini hakuyumba. Alikwenda moja kwa moja kwenye kasha la pesa, akalibwaga sakafuni likafunguka. Pauni mia mbili na kumi na mbili. Akazihesabu, akazitia mfukoni.

"Na zilizobaki?"

"Hakuna zilizobaki," Denise alisema. "Naapa kwa kaburi la baba."

"Usinitajie."

Macho yake yakaiona ile hundi ya kadibodi, imeegemezwa nyuma ya ndoo. Akaikanyaga, ikakatika katikati, akaokota kipande chenye tarakimu na kumsukumia Stacey usoni. "Hii ni nini basi? Isome. Si umekwenda shule? Isome kwa sauti."

"Mwache mtoto," Keith alisema, akajipenyeza katikati.

Ngumi ya kwanza ilimpata Keith kwenye meno. Alirudi nyuma, akashika mwimo wa mlango wa chumba cha baridi asianguke, mkono wa kulia, vidole vyote vinne upande wa ndani. Craig aliviona. Hilo Denise alilisema baadaye mahakamani na hakuyumba: aliviona, ndipo akaushika mlango. Ulikuwa mlango wa chuma, mnene kama gogo. Akaubamiza kwa nguvu zake zote. Ulidunda ukafunguka, Keith akawa anajaribu kuuvuta mkono ambao haukumtii tena, na Craig akaubamiza mara ya pili.

Keith hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Denise hakumbuki alivyoivuka kaunta. Mkononi alikuwa na chuma cha kunolea visu, kirefu, chenye mpini wa mbao. Pigo la kwanza lilimpata kaka yake kwenye kiwiko, la pili kwenye taya, na jino likaruka likagonga vigae vya ukuta. Craig akapiga magoti. Hapo ingetosha. Denise akampiga bega, akampiga mgongo, akaipiga mikono aliyojikingia kichwa, na kila alipoinua chuma alisikia pumzi yake mwenyewe inakoroma kama ya mnyama. Stacey alikuwa amemkumbatia kwa nyuma, anamvuta, viatu vinateleza kwenye damu.

"Mama. Mama, ameshaanguka. Mama, utaua."

Alimsikia. Lakini mkono uliendelea, mara mbili zaidi, mara tatu. Kilichomtisha Denise siku zilizofuata si damu, maana damu alikuwa amezaliwa nayo. Kilichomtisha ni kwamba mkono ule ulikuwa unaona raha.

Uani, gari la Janine liliondoka.

*

Polisi walimchukua Denise pia, aproni ikiwa bado mwilini, wakampitisha barabara kuu mbele ya watu waliopanga mstari wa chipsi. Hakuna aliyempungia mkono. Walimuuliza maswali yale yale, alipiga mara ngapi, kwa nini hakuacha. Asubuhi wakamwachia. Alikuwa akimtetea mumewe, wakasema, ingawa afisa aliyemfungulia mlango aliongeza kwamba alikuwa ameupita mpaka kwa hatua moja tu, na asirudie.

Hospitali alimkuta mama yake kwenye korido. Brenda alikuwa na miaka sabini na sita, koti limefungwa hadi shingoni, mkoba magotini.

"Nimetoka kumwona," alisema. "Wamemfunga taya kwa waya. Anakunywa kwa mrija."

"Na Keith wamemtia vyuma vidoleni. Umemwona na yeye?"

"Keith ana wewe." Brenda akasimama. "Waambie polisi aliteleza. Mlango ulijifunga. Milango ile mizito, hujifunga. Craig wetu hataiweza jela, Denise, hana moyo huo."

"Aliufunga mara mbili, mama."

"Waambie mara moja."

"Hapana."

Kofi lilikuja bila onyo, zito kwa mkono wa mzee, kwenye shavu. Muuguzi mmoja aligeuka, akaona ni mama na binti yake, akaendelea na safari. Denise alisimama pale pale. Alikuwa amefumba ngumi, na aliiweka nyuma ya mgongo kama mtoto aficheaye kitu alichoiba.

"Baba yenu alikuwa akiwapiga," Brenda alisema, "na hakuna hata mmoja wenu aliyemwendea polisi."

"Najua," Denise alisema. "Ndiyo maana tuko hapa."

*

Jumatatu Philippa alipiga simu. Picha wameiondoa kwenye tovuti, alisema, kwa heshima ya familia. Lakini hakukata simu, na Denise akajua kuna jingine.

"Wakubwa wanauliza kama mahali penyewe ni salama kwa mwanagenzi. Na chuo kinauliza nani atamfundisha, kwa hali ya mkono wa Bwana Pickup. Masharti yanataka fundi." Akashusha sauti. "Denise, samahani. Isipoanza kutumika kabla ya mwisho wa mwezi, ile pesa inakufa. Siwezi hata kukuwekea."

"Ninyi ndio mliotaka tarakimu ionekane."

Philippa akaanza kuomba radhi tena, Denise akamkatiza.

"Njoo na mtu wa chuo Jumatano," Denise alisema. "Mje mtazame. Mkishatazama ndipo mseme hapana."

Walikuja. Mtu wa chuo alikuwa Bwana Tattersall, mzee mfupi aliyekuwa na bucha lake Accrington, mji wa jirani, kabla halijafa. Kaunta ilikuwa imezibwa kwa mbao badala ya kioo. Keith alisimama nyuma ya Stacey, mkono wa kulia umefungwa hadi kiwikoni na vyuma vimechomoza kwenye bandeji, midomo bado ina nyuzi. Juu ya gogo, nusu nguruwe.

"Nani anafundisha hapa?" Tattersall aliuliza.

"Mimi."

"Kwa mkono upi?"

"Kwa mdomo," Keith alisema, na ilimuuma kulisema.

Stacey akaanza. Jasho lilikuwa likimtoka ingawa duka lilikuwa baridi. "Kidole kwanza," Keith alimwambia. "Kitafute kiungo kwa kidole kabla hujapeleka kisu. Umekipata? Sasa zunguka. Usishindane na mfupa, mfupa utakushinda." Alipofika begani kisu kilikwenda vibaya, kikatoboa nyama nzuri, pande la thamani ya pauni thelathini limeharibika mbele ya wageni. Stacey alijikunja mabega, kichwa kikaingia chini, kama anayengoja kitu kutoka nyuma. Hakuwahi kupigwa katika duka lile hata siku moja. Lakini juma moja tu lililopita alikuwa ameona namna pigo lilivyo.

"Hilo litakuwa la kusaga," Keith alisema. "Endelea."

Tattersall alitazama hadi mwisho, kisha akatoa kalamu. "Mimi nilifundishwa kwa makofi ya sikio," alimwambia Philippa wakati akitia sahihi. "Hili la kushoto halisikii hadi leo. Mdomo unatosha."

*

Kesi ilisikilizwa Novemba. Wakili wa Craig alitaka kujua elfu tisa zilikuwa wapi siku ya tukio, na namna alivyouliza, watu waliokaa nyuma walinyoosha shingo, maana nao walitaka kujua. Denise alisema zilikuwa mahali ambapo yeye hawezi kuzifikia, wala kaka yake, na kwamba hajawahi kuziona. Mtu mmoja akaguna. Brenda alikaa upande wa Craig, koti limefungwa, hakumgeukia binti yake kuingia wala kutoka. Hukumu ikawa miezi kumi na sita jela. Craig alipokuwa akishushwa mahabusu chini ya korti alimtazama Denise, taya imepona ikiwa imeelekea upande mmoja, na Denise akaona si hasira iliyokuwa usoni pale. Ulikuwa mshangao, ule ule wa mvulana wa miaka kumi na mitatu.

Vidole viwili vya Keith havikukunja tena. Stacey aliendelea. Brenda alianza kununua nyama dukani kwa Waasia wa mtaa wa chini, na akahakikisha Denise ameambiwa.

*

Februari, asubuhi ya barafu, Janine aliingia dukani. Tangu siku ile hawakuwa wameonana isipokuwa kortini. Alisubiri mteja aliyekuwepo aondoke, akaagiza vipande vitatu vya nyama ya nguruwe ya kukaanga, na vilipofungwa hakuvichukua.

"Yule msichana wa Calderbrook," alisema. "Bado wanagawa?"

"Wanagawa nini?" Denise aliuliza, ingawa alikwisha elewa.

"Mafunzo. Nilimpigia. Anasema miaka thelathini na minane si kitu, karo ipo, kuna nyingine inakufa Machi. Anasema kinachotakiwa ni mwajiri."

"Mwajiri analipa mshahara, Janine. Karo wanalipa wao, mshahara nalipa mimi. Wa Stacey wenyewe natafuta chini ya godoro."

"Alinieleza."

Denise aliweka mikono yote miwili chini ya kaunta. "Ulikuwa kwenye gari."

"Nilikuwa kwenye gari."

"Ulisikia?"

Janine akaitazama ile nyama yake. "Mlango niliusikia. Mara zote mbili. Nikaongeza sauti ya redio."

Damu ilimpanda Denise hadi masikioni. Kaunta ilikuwa nyembamba, na Janine alikuwa amesimama karibu, uso wazi, hakujikinga. Stacey aliacha kukata. Nyuma, Keith alikuwa ametoka chumba cha baridi, amesimama kizingitini, na hakuna aliyejua amesimama pale tangu neno gani.

"Umewahi kushika kisu?" Keith aliuliza.

"Cha jikoni."

"Nipe mkono."

Akautandaza juu ya gogo kwa mkono wake wa kushoto, akaupapasa kama anavyopapasa kiungo. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda kwenda nje.

"Hiki kilivunjika lini?"

"Krismasi ya mwaka juzi."

"Hakikuungwa vizuri."

"Sikwenda hospitali."

Keith akakiachia. Akamtazama mkewe, akamwachia yeye uamuzi, maana pesa ya duka ilikuwa mikononi mwa Denise, na kaka alikuwa wa Denise.

"Anatoka lini?" Denise aliuliza.

"Julai. Nusu tu ndiyo anakaa ndani."

"Jumamosi," Denise alisema. Sauti ilitoka kavu. "Saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Nakulipa Jumamosi tu, zaidi ya hapo sina. Machi ikifika nitaongea na Philippa, na akisema Jumamosi haitoshi, basi haitoshi."

"Leo ni Jumamosi," Stacey alisema.

Janine alivua koti. Hakujua pa kulitundika, akasimama nalo mkononi hadi Stacey alipompokea na kumpa aproni. Keith akatoa kuku mmoja, akamweka juu ya gogo mbele yake. "Tunaanza na huyu. Ukimharibu, anakwenda kwenye pai. Kidole kwanza. Tafuta kiungo."

Janine akainama, akatafuta. Denise alibaki alipo. Chini ya kaunta ngumi yake ilikuwa bado imefumbwa, na ilimchukua muda, kidole kimoja kimoja, kuifungua.